Namna ya kupima mvua na nyufa mlimani kabla udongo haujaporomoka

Nametsi, wilayani Bududa, mashariki mwa Uganda, udongo uliporomoka tarehe 1 Machi 2010 na kufukia nyumba zikiwa na watu ndani. Wilaya ya Bulambuli nayo ikapatwa na maporomoko tarehe 27 Novemba 2024. Anayeishi kwenye miteremko ya Mlima Elgon hawezi kuzuia mvua, ila anaweza kujua kilima chake kimeshiba kiasi gani.

Maji huzama katika udongo wa mfinyanzi mpaka yakutane na tabaka gumu au mwamba, kisha hujaa kuanzia hapo kwenda juu. Udongo huwa mzito, lakini kibaya zaidi ni msukumo wa maji katikati ya chembe: huzitenganisha, zikaacha kushikana. Ndiyo maana mvua ya wastani ya leo huweza kuangusha kilima kilichokuwa kikinywa maji wiki nzima.

Anza na kipima mvua. Chukua chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, ikate pale inapoanza kuwa nyembamba, kisha geuza kipande cha juu kiwe faneli. Weka changarawe chini, mimina maji mpaka yafike kwenye ubavu ulionyooka, na hapo ndipo sifuri. Bandika rula. Ifunge kwenye nguzo, mbali na migomba na mabati. Soma kila siku saa tatu asubuhi, andika, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Jumlisha siku saba, si siku moja tu. Milimita 50 kwenye robo ekari ni zaidi ya lita 50,000, yaani tani 50. Hakuna namba moja inayofaa vilima vyote. Linganisha na rekodi zako za misimu iliyopita.

Kisha nyufa. Tembea juu ya nyumba, hasa kwenye mteremko uliobonyea kama bakuli, kwa sababu maji hukusanyika hapo. Ukiona ufa unaokata mteremko, pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, vizame nusu mita. Gonga msumari kwenye kichwa cha kila kigingi na upime kutoka msumari hadi msumari asubuhi na jioni. Ufa ukipanuka, hameni siku hiyo hiyo na mumwambie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Msiujaze ufa mkadhani umepona. Udongo wa kushindilia juu hupunguza maji yanayoingia, basi.

Mitaro ya kuzuia maji shambani ni mizuri kwa kahawa, lakini juu ya nyumba hulisha kilima maji. Hapo chimba mtaro wenye mteremko mdogo unaopeleka maji pembeni, mahali penye mawe au nyasi nyingi. Kukata kilima ili kupata kiwanja ni hatari zaidi: unaondoa mguu unaobeba udongo wa juu. Miti husaidia pale mizizi inapofika. Maporomoko ya kina kirefu huondoka nayo.

Chemchemi ikitoka tope ghafla, milango ikianza kukwama, au mto ukipungua wakati mvua inanyesha, ondokeni bila kungoja kipimo. Mto uliopungua huenda umezibwa huko juu, na utakapozibuka utashuka na mawe. Msikimbie kufuata bonde. Nendeni kando, mpande kwenye mgongo wa kilima. Mvua ikikatika msirudi kulala: maji bado yanazama, na udongo uliobaki juu ya kovu, yaani pale palipoporomoka, hauna tena kitu cha kuuegemeza.