Jua la Dar linazeesha uso: paka sanskrini hivi

Baba yangu mdogo ameendesha lori miaka mingi sana, Dar–Tunduma, Tunduma–Dar, ukikaa upande wake wa kulia utadhani umekaa na mzee mwingine kabisa. Shavu la kulia limekunjamana, ngozi nene, vidoti vyeusi mpaka shingoni, la kushoto bado laini. Bongo usukani uko kulia, kwahiyo dirisha lilikuwa upande huo, na vioo vingi vya pembeni vinapitisha UVA, ile miale ya jua inayozeesha ngozi, kile cha mbele ndo kinazuia sana. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani waliandika kisa kama hichohicho, dereva wa lori wa miaka 69, miaka 28 barabarani, ila yeye ni upande wa kushoto maana kule usukani uko kushoto.

Yaani jua linatuletea miale ya aina mbili. UVB ndo inaunguza, hiyo unaisikia. UVA haiumi, inapita kioo, inapita mawingu, inazama ndani inakatakata kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia ngozi isilegee, na zikikatika mwili hauzirudishi zikawa kama mwanzo. Ndo maana mtu anasema mbona mi siungui, kweli huungui, ila ngozi inaliwa kimyakimya.

Sisi weusi melanini, ile rangi ya ngozi, inatusaidia, mikunjo inachelewa, lakini kinga yake inakadiriwa kama SPF 13 hivi (SPF ni namba ya kupimia kinga ya jua), haitoshi kwa jua hili, na kwetu uzee wa jua unaanza na madoa, yale meusi ya mashavuni yasiyotoka. Na wanaopaka mkorogo jamani nawaomba sana, mnaitoa hiyo kinga kidogo mliyozaliwa nayo halafu mnatoka juani saa saba mchana.

Ukienda kununua sanskrini, yale mafuta ya kukinga jua, chukua SPF 30 kwenda juu. 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB, 50 asilimia 98, kwahiyo usijikamue hela kutafuta 100. Ila SPF inapima zaidi UVB, kinga ya UVA, ile ya kuzeesha, unaitafuta kwenye alama nyingine, herufi UVA ndani ya kiduara au PA yenye plasi tatu nne. Zenye zinki zinaacha weupe kama umepaka majivu, jaribu kwenye taya halafu toka nje ya duka ujiangalie kwenye mwanga. Kama una madoa tafuta yenye rangi inayokaribia ngozi yako, ile rangi inazuia hata mwanga wa kawaida ambao nao unayakoleza.

Sasa kupaka, hapa ndo wengi tunakosea. Kamulia mistari miwili, mmoja kidole cha shahada mmoja cha kati, toka chini ya kidole mpaka nchani, yote hiyo ni ya uso na shingo tu. Ukipaka katone SPF 50 yako haifiki hata nusu. Usisahau masikio, kisogo na mgongo wa mikono, hasa we unayepanda bodaboda kila siku. Paka dakika 15 kabla hujatoka, rudia kila baada ya saa mbili, na kwa jasho letu la Kariakoo futa kwanza kwa kugusisha kitambaa, usisugue, ndo upake tena. Ukitoka majini Coco Beach paka upya hata kama imeandikwa haitoki na maji.

Saa nne asubuhi mpaka saa kumi ongeza kofia na mwavuli. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana hapa Dar linakaa utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga.

Na iwe kila siku, siyo siku ya bichi tu. Australia walifuatilia watu 903 wa chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu, matokeo yakatoka 2013, walioambiwa wapake kila siku ngozi zao zilizeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko waliojipakia wanavyojisikia.

Chupa usiiache kwenye gari, joto linaiharibu. Ukiikamua ikatoka maji pembeni na mafuta pembeni, au tarehe imepita, tupa nunua nyingine.