Sarkoidozi ya gafla (sendromu ya Löfgren): namna ya kuijua na kuitunza bila kukimbilia kortizone

Tuseme ukweli kwanza, hii ugonjwa ya sarkoidozi ya gafla, yenye wanaita sendromu ya Löfgren, haiko mingi huku kwetu Bukavu. Batu benye inapenda kukamata ni ba Ulaya ya kaskazini, na jina yenyewe ilitoka kwa munganga mumoja wa Suede, Sven Löfgren, mwenye aliiandika muzuri mu miaka ya 1940 na 1950. Lakini inafikaka, na ikifika hakuna mwenye anaifikiria, njo mugonjwa anazungushwa: leo malaria, kesho tifoidi, kesho kutwa rimatisme, na familia nayo inaanza kusema alikanyaga dawa ama ni karuho (sumu).

Inaanza namna hii. Mutu alikuwa muzima, halafu ndani ya siku kidogo homa inapanda, mwili inachoka, vifundo vya maguu vinavimba na kuuma, mara mingi yote mbili pamoja, mpaka kupanda kutoka Nyawera kwenda Kadutu inakuwa azabu. Mbele ya maguu, chini ya magoti, kunatoka vivimbe vigumu vyenye joto vyenye vinauma ukigusa. Mu vitabu wanaandika ni vyekundu, lakini kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu, utaona tu pale pamekuwa peusi zaidi ama kama zambarau, kwa hiyo pitisha mukono, usiangalie na macho peke yake. Vivimbe vinapenda kutokea zaidi kwa bamama, kwa bapapa mara mingi ni vifundo tu njo vinavimba. Na kitu ya mwisho haionekani inje: radio ya kifua inaonyesha matezi imevimba katikati ya mapafu, kuume na kushoto, karibu sawasawa. Mugonjwa anaweza hata asikohoe.

Kwa nini inakuwa hivyo? Askari ba mwili, zile chembe za kujikinga, banajikusanya mafungu mafungu mu matezi na mu mapafu kama vile kuko adui, na sababu yenye inabaamsha hakuna mwenye anaijua mpaka leo. Haiko kansa. Haiko ya kuambukiza, kwa hiyo hakuna haja ya kumutengea mutu sahani na kikombe yake, kama bengine huku banavyofanyaka.

Sasa, kazi ya kwanza mu muji yetu haiko kutafuta Löfgren, ni kutafuta tibi (kifua kikuu). Tibi iko mingi huku, na yenyewe pia inavimbisha matezi ya kifua na inaweza kutokeza vilevile vivimbe vya mbele ya maguu. Kwa hiyo omba radio ya kifua, wapime makohozi na GeneXpert (mashini ya kutafuta tibi) kama unakohoa, na ufanye tesiti ya VIH (sida). Matezi ya tibi mara mingi inaegemea upande moja, lakini hiyo haitoshi kwa kusema apana, na GeneXpert negative nayo haifungi mulango kabisa juu tibi ya matezi inaweza kukosa mu makohozi. Docta akiona matezi imekaa upande moja, ama unakonda, ama jasho ya usiku haiishi, ataomba skaneri ama watoe kipande ya tezi wakaiangalie mu labo, maana kansa ya matezi nayo inajifichaka pale. Lakini kama vyote vitatu viko pamoja, ni kusema vivimbe, vifundo na matezi ya pande mbili, na tibi imetafutwa haikuonekana, ba docta bengi hawakate tena nyama. Na ukisikia mutu anataka kukata kile kivimbe ya mguu juu ya kuhakikisha sarkoidozi, muulize kwa heshima, "Docta, hii itatuonyesha nini?" Pale kwa kawaida kunaonekana tu mafuta ya chini ya ngozi yenye kuwaka, ile mafungu yenyewe haikae pale. Ni pesa ya bure.

Vivimbe hivyo vinaletwa pia na angina ya koo, na dawa fulani, hata na mimba, kwa hiyo sema yote yenye ulimeza na yenye uliuguaka. Omba wakupime damu (VS ama CRP zenye zinaonyesha kama mwili inawaka, figo, kalsiamu), elektro ya moyo, na munganga wa macho akuangalie hata kama unaona vizuri. Ile ya macho batu wanaisahau sana na njo inaharibu mutu kimya kimya.

Dawa zenyewe, hapa njo batu wanashangaaka, ni kidogo tu. Kupumuzika, kuinua maguu ukilala, kufunga bande kama inakusaidia, na ibuprofene ama naproksene kisha kula. Ibuprofene 400 mg mara 3 kwa siku inatoshaka kwa mutu mukubwa, lakini kama uko na vidonda vya tumbo, figo ya kulegea, presha ama mimba usiimeze bila kuuliza. Bengine docta anabapa kolshisine, dawa ingine ya kupunguza kuvimba. Prednizone, yenye nayo ni kortizone, ya kipimo ya chini, tuseme 10 mpaka 20 mg, inabakia kwa mwenye maumivu imekataa kabisa, kwa wakati mufupi, na docta njo anaipunguza pole pole.

Na hapa nasema kwa sauti kubwa: ile dexa (dexamethasone) yenye wanauzaka mu masoko na mu bafarmasi kwa kunenepesha mashavu ni kortizone ileile. Ukiimeza vifundo vitashuka haraka, utafurahi, na kama ilikuwa tibi utakuwa umeipa nafasi ya kutembea mwili muzima. Hata minyoo fulani ya tumbo inaweza kusambaa na kuua juu ya hiyo kortizone. Kalsiamu na vitamini D nazo usijinunulie za "kutia mifupa nguvu" mbele damu haijapimwa, juu hii ugonjwa inaweza kupandisha kalsiamu yenyewe.

Muda: homa na vivimbe mara mingi vinaenda ndani ya wiki 3 mpaka 6, kisha vinaacha alama kama ya kuchubuka yenye inapotea. Vifundo vinaweza kuvuta miezi. Matezi ya kifua inachelewa zaidi, lakini bengi sana inabaishia ndani ya mwaka 1 ama 2, hata bila kumeza kitu ya nguvu. Chunga filme ya radio ya kwanza, usiiache mu hospitali, juu utarudia ingine kisha miezi 3 hivi na docta atataka kuzilinganisha. Usingoje hiyo tarehe kama jicho inakuwa nyekundu na kuuma ama mwangaza inaichoma, kama uso inalegea upande moja, kama unakosa pumuzi, ama moyo inaruka na unazimia. Siku hiyo panda moto (pikipiki) uende moja kwa moja hospitali kubwa na ile filme mu mukono.