Kadi ya chanjo ya Congo kwenye shule za Maine

Nawatafsiria wazazi wageni hapa Portland, Maine, na kila Agosti swali ni lilelile: kadi ya Congo itafaa? Itafaa, ila ifafanue unapomkabidhi nesi wa shule. Palipoandikwa VAR, mwambie ni surua peke yake, maana kwao herufi hizo ni tetekuwanga. Tarehe nazo: 05/03 kwetu ni tarehe tano Machi, yeye atasoma tatu Mei. BCG (ya kifua kikuu) na homa ya manjano hawaziulizii.

Wanazodai ni dondakoo, pepopunda na kifaduro, polio, surua, matumbwitumbwi na rubela, tetekuwanga. Darasa la saba inaongezeka ya homa ya uti wa mgongo. Chuoni orodha ni fupi zaidi.

Kadi imepotea? Kwa surua au tetekuwanga, omba kipimo cha damu kinachoonyesha kinga. Dozi hazijakamilika? Andika ahadi kwamba mtoto atachanjwa ndani ya siku 90, aanze masomo.

Msamaha wa kutochanjwa kwa sababu ya dini ulifutwa Septemba 2021, kwa hiyo barua ya mchungaji usihangaike nayo. Umebaki wa kitabibu, kwa maandishi ya daktari. Na ugonjwa ukilipuka shuleni, aliyesamehewa atarudishwa nyumbani kwa muda.