Damu ya mzee saa kumi jioni: kuvaa rangi nzito kwenye baridi

Koti langu la kwanza la baridi nililinunua saa kumi na moja jioni, mwezi wa Novemba, na nje kiza kilikuwa kimeshaingia. Dukani taa zinawaka kama za ukumbi wa harusi. Koti lilikuwa rangi ya biringani, ile zambarau nzito inayokaribia weusi. Nikajiona kwenye kioo nimetakata, nikalipa. Kesho yake asubuhi nikatoka nalo nje. Biringani hakuna! Ni tope. Tope la mfinyanzi lililokauka, na uso wangu juu yake kama wa mtu aliyeruhusiwa hospitali jana baada ya malaria. Mwenzangu kazini akaniuliza kama nimelala.

Kilichoniuma si pesa. Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa fundi cherehani. Mama alishonea barazani, Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili, na sikumbuki hata siku moja amekata kitambaa cha mtu kabla hajakitoa juani, akakiweka chini ya kidevu cha mwenyewe, kisha akarudi nyuma hatua tatu kukitazama. "Kitambaa huangaliwa mlangoni," ndiyo ilikuwa kauli yake, hasa kwa wateja waliorudi kutoka Kariakoo na vitambaa walivyouziwa ndani kabisa ya duka, chini ya taa. Nikavuka bahari nikafika Leicester, Uingereza, somo la kwanza nikaliacha Tanga.

Kwa hiyo wewe uliyefika Ulaya juzi, na kila mtu anakwambia ununue koti jeusi kwa sababu halionyeshi uchafu, ngoja kwanza tuzungumze.

Nyumbani tunavaa rangi chini ya jua la utosini. Hapa mwezi wa Desemba jua linachomoza saa mbili na robo asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Hata adhuhuri liko chini, pembeni, nyuma ya mawingu, na mwanga wake umeingia ubuluu kidogo. Lile gauni lako la waridi hafifu lililokuwa likimeremeta Tanga, hapa litaonekana limechujuka. Rangi nzito ndizo zinazobaki na mwili wake: damu ya mzee, kijani cha chupa, bluu ya nili, zambarau, rangi ya kutu, haradali. Ndiyo maana wenyeji huzitoa kabatini majani yakianza kuanguka. (Msimu huo usiuite vuli mbele ya mama yangu. Vuli kwake ni mvua, na mvua ni mahindi.)

Lakini hata rangi nzito zina saa zake. Mapema karne ya 19, mwanasayansi Mcheki aitwaye Jan Purkyně alieleza jambo ambalo unaweza kulijaribu leo: mwanga ukififia, nyekundu ndiyo ya kwanza kuzama ikawa nyeusi, na bluu na kijani huendelea kuonekana. Jicho lina chembe za aina mbili, na zile zinazofanya kazi gizani hazioni nyekundu. Weka sweta la damu ya mzee na la bluu kitandani, kaa nayo mpaka jioni bila kuwasha taa, utaona. Mimi nimelifanya jambo hili kuwa kanuni ya kabati langu. Nikienda mahali ambapo nitaonekana zaidi njiani na kituoni jioni, navaa bluu au kijani. Damu ya mzee naiweka kwa shughuli za ndani, penye taa za manjano au mishumaa, kwa sababu huko nyekundu inawaka kama kaa la moto. Na kama unarudi kazini kwa miguu barabara isiyo na taa, weka kitu cheupe au mkanda unaong'aa. Dereva hana habari na urembo wako.

Sasa kununua. Nenda dukani mchana. Najua una zamu, lakini nenda mchana. Kama haiwezekani, muombe muuzaji usogee nayo mpaka mlangoni. Mimi sijakataliwa bado. Picha ya simu usiitegemee, simu inarekebisha rangi yenyewe bila kukuuliza. Ukinunua mtandaoni hapa Uingereza, sheria inakupa siku 14 tangu kuipokea kubadili nia, kwa hiyo ikifika usikate lebo. Simama dirishani saa sita mchana, uso bila poda, funika nguo uliyovaa kwa shuka jeupe, halafu weka ile mpya chini ya kidevu. Usiiangalie nguo. Angalia chini ya macho na pembe za mdomo. Rangi ikikukubali, vivuli vile vinapungua. Ikikukataa vinaongezeka, na hakuna punguzo la bei litakaloviondoa.

Mwaka juzi alikuja kwangu mdogo wangu mmoja wa Bukoba, muuguzi, mweusi wa mpingo, nimpunguzie suruali. Begi lake zima lilikuwa jeusi na kijivu. Kisa? Kuna mtu alimwambia mweusi asivae rangi nzito, atapotea, na rangi za mwanga alijiona zinamchora. Nikamkalisha dirishani na rundo langu la vitambaa. Cha kwanza nilichomwekea ni kahawia, kahawia hasa ya ngozi yake: kweli alipotea. Uso, shingo na kitambaa vikawa kitu kimoja. Nikaweka kijani cha chupa, shingo ikajitokeza. Nikaweka bluu kali ya kifalme, weupe wa macho yake ukaruka mbele mpaka akacheka mwenyewe. Halafu nikaweka damu ya mzee ya sufu kavu. Kimya, hakuna lililotokea. Nikatoa kipande cha satini, damu ya mzee ileile, ungedhani zimetoka pipa moja la rangi, na taya lake likapata mwanga kana kwamba mtu amefungua pazia.

Hapo ndipo pana siri yenyewe. Kwa mweusi tii, shida haiko kwenye uzito wa rangi. Inakuwa kwenye rangi inayofanana na ngozi yake, kwenye rangi iliyochanganywa na kijivu, na kwenye kitambaa kinachomeza mwanga. Akitafuta rangi safi na kitambaa chenye mng'ao kidogo, hakuna rangi nzito itakayomshinda. Sisi wa maji ya kunde tuna mtihani mwingine. Ngozi yetu ina manjano au wekundu ndani yake, na rangi zenye moto, kama kutu, kahawia yenye wekundu, zeituni, damu ya mzee, zinakaa vizuri. Zambarau iliyoingia kijivu inafanana na kile kivuli kilicho chini ya macho yetu, ndiyo maana koti lile liliniua. Haradali ni kamari, wengine inawang'arisha na wengine inawapa homa ya manjano, nenda dirishani. Weupe hawana kazi kubwa, karibu kila rangi nzito inawatenga na ngozi yao, ila nyeusi tupu shingoni huwachosha wakishapita miaka arobaini.

Jambo la pili ni jirani wa uso. Rangi nzito ikipanda moja kwa moja mpaka kidevuni bila kituo, inavuta uso chini. Kanga ya kisutu ilishatufundisha hili zamani: nyekundu nzito na nyeusi, lakini nyeupe imepita katikati yake, ndiyo maana bibi harusi akijifunika nayo anang'aa badala ya kuzama. Na ukitaka kuona somo hilohilo kwa macho, njoo Leicester usiku wa Diwali, Oktoba au Novemba, upite Belgrave Road, barabara wanayoiita Golden Mile. Wenye maduka ya sari pale wengi ni Wahindi waliotokea Afrika Mashariki, wengine familia zao zilifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na kwa wazee wao Kiswahili bado kipo mdomoni. Wanawake wanatoka kwenye baridi kali na sari za damu ya mzee na kijani kizito, na hakuna aliyefifia, kwa sababu pindo lina zari, na zari lile linapita karibu na uso likidaka kila taa ya barabarani.

Kwa hiyo usikimbilie kubadili koti. Badili sentimita ishirini zilizo chini ya kidevu. Anayevaa hijabu kazi hii inafanywa na mtandio wake: koti la nili, mtandio wa rangi ya samli au ya waridi iliyoiva, basi. Asiyevaa, skafu. Mimi hukunja upande mmoja wa kanga kwa urefu (usiukate, ni dhambi) nikauzungusha shingoni kwanza, pindo likae juu, ndipo skafu ya sufu ifuate. Pamba inazuia sufu isiniwashe, na lile pindo la rangi linachungulia kidogo tu. Hereni za dhahabu nazo zisidharauliwe, hata zile za kuigiza. Na kofia ya sufu ni jirani wa uso pia, ingawa watu huinunua ya rangi yoyote iliyokuwa karibu na mashine ya kulipia.

Kuhusu koti jeusi: sina ugomvi nalo. Lina ugomvi na mimi kwa nyuzi nyeupe za taulo. Ukiwa nalo tayari, livae na kitu kizito kingine ambacho si cheusi, mfano sketi ya kijani na buti za kahawia. Ninachokukataza ni kijeusi juu, kijeusi chini, kijeusi kati, vyote vya umri tofauti, kwa sababu nyeusi iliyofuliwa mara arobaini inageuka ugoro ikikaa karibu na nyeusi mpya.

Ukipenda rangi moja kutoka juu mpaka chini, na mimi naipenda, basi cheza na vitambaa. Sketi ya kodrai, sweta la sufu, skafu ya hariri, zote kijani. Kila kimoja kinapokea mwanga kivyake, na wewe unaonekana umejipanga. Ukichukua zote za sufu kavu unaonekana umevaa sare ya shule. Haya mambo yote nayapata kwenye maduka ya hisani, nguo za mkono wa pili, kwa bei ya chipsi. Ni mitumba ileile shoga yangu, tofauti ni kwamba mimi naiwahi kabla haijafungwa robota kwenda kwenu.

Ngozi nayo ni sehemu ya vazi. Baridi na hita vinakausha, na mguu uliopauka juu ya sketi ya zambarau unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Paka mafuta maji ya kuoga yakiwa bado hayajakauka mwilini. Mafuta ya nazi uliyobeba kutoka nyumbani utayakuta yameganda kama samli, maana chini ya nyuzi 24 hivi hayabaki maji. Chupa iweke kwenye maji ya moto, au uhamishie kwenye kopo la mdomo mpana.

Kufua: geuza ndani nje, maji baridi au nyuzi 30, na mara ya kwanza nguo iingie peke yake. Kabla ya hapo lowesha kitambaa cheupe, sugua kwenye upindo wa ndani. Kikitoka na rangi, nguo inachuja. Siki na chumvi kwenye nguo ya dukani sijaona vikisaidia, labda vinasaidia moyo. Usianike juu ya hita.

Na lile koti la tope? Sikulitupa. Nilikwenda nalo Belgrave Road mchana, kwa mzee mmoja aliyezaliwa Jinja, nikaomba nusu mita ya mahameli ya damu ya mzee. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Hii ya nini, mama?" Nikamwambia ya kuokoa koti. Akabeba kitambaa mwenyewe mpaka mlangoni bila kuambiwa, akakiweka kwenye kola, akarudi nyuma. Nikataka kulia.

Kama unashika sindano, kazi ni ya jioni moja. Huna haja ya kufumua kola. Kata mahameli kwa umbo la kola ya juu, uache sentimita moja na nusu kila upande, ikunje ndani na uishone kwa mkono, mishono midogo iliyojificha. Kabla ya kukata pitisha kiganja: upande mmoja vinyoya vinalala, upande wa pili vinakataa. Panga vinavyokataa viwe kuelekea chini, maana vinyoya vikisimama kuelekea juu rangi inakuwa nzito na tajiri zaidi, na vipande vyote vifuate mwelekeo huohuo, la sivyo nusu ya kola itaonekana ya koti lingine. Mimi nilibadilisha na vifungo, nikaweka vya shaba iliyofubaa. Pasi usiigusishe mahameli hata kidogo. Kola ikianza kulala, ishikilie juu ya mvuke wa birika, kisha ipige brashi laini kuelekea juu na uiache ipoe kabla ya kuvaa.