Namna ya Kumtunza Nyumbani Mgonjwa wa Ventrikali Moja Mwenye Pampu ya Moyo

Mtu aliyezaliwa na ventrikali (chumba cha moyo kinachosukuma damu) moja inayofanya kazi, kisha akafanyiwa upasuaji wa Fontan, unaoelekeza damu itokayo mwilini moja kwa moja mapafuni, damu yake hufika mapafuni bila kusukumwa na moyo. Ventrikali hiyo ikichoka, madaktari huweza kumwekea pampu ya kupeleka damu mwilini, mara nyingi akisubiri kupandikizwa moyo mwingine.

Unapobadilisha betri mbili za pampu, ondoa moja tu, weka iliyojaa chaji, ndipo uguse ya pili, kwa maana zikitolewa zote pamoja pampu inaweza kusimama. Mahali waya wa pampu unapotokea tumboni ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pote: nawa mikono, vaa barakoa, safisha kama ulivyofundishwa hospitalini, kisha ufunge waya vizuri usije ukavutwa. Ukiona wekundu au usaha, toa taarifa siku hiyo hiyo. Mgonjwa asiogelee wala asiingie kwenye kipimo cha MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku kali).

Dawa za kuzuia damu kuganda zinywewe kwa saa zilizopangwa, na vipimo vya damu visikosekane, kwani dawa ikizidi huweza kuleta kutoka damu na ikipungua huweza kuleta kiharusi.

Usishtuke ukikosa mapigo mkononi, kwa kuwa pampu nyingi husukuma damu mfululizo. Tazama fahamu, pumzi na rangi ya ngozi. Pima uzito kila asubuhi na uangalie miguu na tumbo, kwa sababu pampu hii haisukumi damu kwenda mapafuni, na uvimbe waweza kurudi hata inapofanya kazi vyema.