Picha za mbio za baiskeli: nenda mlimani
Kama ndo mara yako ya kwanza kupiga picha mbio za baiskeli, usikae kwenye tambarare wala mteremko, jamaa wanapita fyuu unabaki na picha ya lami tupu 😂 Tafuta mlima. Kigali, Tour du Rwanda ikipita, watu wanajazana Kwa Mutwe, kile kilima chenye barabara ya mawe, maana pale wanapanda taratibu na sura zimekunjamana kwa maumivu, wewe ni kubonyeza tu. Spidi ya shata (muda kamera inaokaa wazi kupiga picha) weka 1/1000 ya sekunde hivi, afu ukitaka ile picha ya mandhari ya nyuma kufutika shusha hadi 1/60 umfuate mtu na kamera huku unapiga, nyingi zitaharibika, kawaida. Flashi zima. Na usichungulie barabarani, pikipiki za msafara hazina mchezo.