Una soriasisi na viungo vinauma? Hesabu dakika za asubuhi

Soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka yenye magamba, inaweza kushambulia viungo pia. Ukiamka viungo vimekakamaa, usiishie kumwambia daktari "naumwa". Andika kwenye daftari zilipita dakika ngapi hadi vidole vikakunjika vizuri. Viungo vinavyokakamaa zaidi ya dakika 30, kisha vikalegea kadiri unavyojisogeza, mara nyingi vina uvimbe wa ndani. Si uchovu wa kazi tu. Daktari akiziona dakika hizo zikipungua au kuongezeka, ni rahisi kwake kujua kama dawa inakusaidia. Kidole kikivimba chote kama soseji, kipige picha siku hiyohiyo, maana siku ya kliniki huenda kimeshanywea na ukabaki kueleza kwa maneno matupu. Vishimo vidogo kwenye kucha na maumivu ya kisigino navyo vitaje, hata kama unaona havihusiani. Vinahusiana sana.

Asubuhi yenyewe, kunja na kukunjua vidole, vifundo na magoti ukiwa bado kitandani, halafu oga maji ya uvuguvugu. Na tafadhali, usijiachishe dawa kwa sababu wiki hii umepata nafuu: kiungo kikishaharibiwa na uvimbe hakirudi kilivyokuwa.